Kitanda Kisichohama



Nimepewa maneno matatu mazito: upendo, uaminifu na ushujaa, tena kama yanavyoonekana katika visa vya Wagiriki wa kale. Mtu akibebeshwa magunia matatu na akapewa saa moja, ni afadhali afungue moja tu. Mimi nimechagua kitanda. Kimo katika nyumba moja ya kisiwa cha Ithaca, magharibi ya Ugiriki, na habari zake zimo katika kitabu cha 23 cha Odyssey, utenzi wa vitabu 24 na mistari zaidi ya 12,000 ambao Wagiriki wenyewe walisema ni kazi ya Homer. Wataalamu wengi wanaukadiria kuwa wa karne ya 8 au ya 7 kabla ya Kristo. Kitanda tutakifikia, lakini njia ya kwenda huko inapitia kwenye kofia ya chuma, jaa la samadi na beseni la kuoshea miguu.

Tuanze na kofia. Imo katika Iliad, utenzi ule mwingine wa Homer, kitabu cha 6. Hector, mwana wa mfalme Priam na ngome ya mji wa Troy uliozingirwa na Wagiriki, ameingia mjini mara moja kutoka vitani. Anamkuta mkewe Andromache langoni, na yaya amempakata mtoto wao. Andromache hana pengine pa kuegemea. Baba yake aliuawa na Achilles, shujaa wa Wagiriki, ndugu zake saba wa kiume wakauawa na huyo huyo, na mama yake naye amekwisha kufa. Anamwambia Hector kwamba kwake yeye ndiye baba, ndiye mama, ndiye ndugu, ndiye mume. Anamsihi asitoke tena. Hector anakataa. Anasema ataona haya mbele ya watu wa Troy akijificha nyuma ya ukuta. Anajua kwamba mji utaanguka siku moja, na kinachomkata maini kuliko hata kifo cha baba yake ni kumfikiria mkewe akichota maji utumwani, katika nchi ya watu.

Halafu ananyoosha mikono ampokee mtoto, na mtoto anapiga ukelele na kujificha kifuani kwa yaya. Ametishwa na lile shungi la manyoya ya farasi linaloyumba juu ya kofia ya baba. Baba na mama wanacheka, katikati ya mazungumzo yale ya msiba. Hector anaivua kofia, anaiweka chini, ndipo anambeba mwanawe na kumbusu.

Kijana wa miaka kumi na nane akisoma Iliad huwa anakipita kisa hiki haraka awahi mapigano. Nasema hivyo kwa sababu nilikuwa kijana huyo. Leo nadhani hakuna mahali utenzi ule ulipoona mbali kuliko hapo. Vazi linalomfanya Hector ajulikane na jeshi zima ndilo linalomfanya asijulikane na mwanawe. Ili awe baba ni lazima avue alama ya ushujaa. Na muda si muda anaiokota, anaivaa, anaondoka, na mkewe anarudi nyumbani akigeuka nyuma mara kwa mara. Wanawake wa nyumba ile wanaanza kumlilia Hector akiwa bado hai.

Achilles ni mkubwa kuliko Hector kwa nguvu, na habari zake nitazipita upesi. Mama yake alimwambia kwamba ana njia mbili: abaki Troy afe kijana na sifa yake isife kamwe, au arudi kwao aishi maisha marefu yasiyotajwa na mtu. Rafiki yake Patroclus alipouawa akiwa amevaa silaha za Achilles mwenyewe, njia ya pili ilikwisha. Lakini Homer hakumwacha hapo. Katika Odyssey, kitabu cha 11, Odysseus, mfalme wa Ithaca, anamkuta kuzimu na kumsifu kwamba hata huko ni mtawala. Achilles anamkata kauli: ingekuwa heri kwake awe kibarua shambani kwa mtu fukara, mradi awe hai, kuliko kuwatawala wafu wote. Ndiyo kusema shujaa mkuu kuliko wote, akiulizwa baada ya kufa, anaona bei ilikuwa kubwa mno.

Kwa hiyo swali ninalotaka tukae nalo jioni hii ni hili: shujaa akishavua kofia, nani anamjua?

Odysseus aliondoka Ithaca mtoto wake Telemachus akiwa mchanga. Alipigana Troy miaka 10, akahangaika njiani miaka mingine 10. Katika hiyo 10 ya pili, miaka 7 alikaa katika kisiwa cha Calypso, mungu wa kike aliyetaka kumfanya asife wala asizeeke. Odysseus alikubali bila kubisha kwamba mkewe Penelope hamfikii Calypso kwa sura wala umbo, na kwamba Penelope atazeeka. Akasema bado anataka kwao. Mpaka anafika, merikebu zake zote zimezama, wenzake wote wamekufa, na mungu Athena amemgeuza mzee mwombaji mwenye matambara. Nyumbani kwake wamejaa waposaji 108 wanaochinja mifugo yake, wanakunywa divai yake na kumshinikiza mkewe achague mmoja wao. Mtu aliyebuni yule farasi wa mti aliyeuangusha mji wa Troy anaingia kwake na mfuko wa kuombea chakula.

Wa kwanza kumtambua nyumbani kwake bila kuambiwa ni mbwa. Argos alilelewa na Odysseus mwenyewe kabla ya vita, akawa hodari wa kuwinda paa na sungura. Sasa amelala juu ya jaa la samadi mbele ya lango, kupe wamemjaa, hakuna anayemjali. Anasikia sauti ya bwana wake. Anatikisa mkia na kulaza masikio, lakini hana nguvu ya kumsogelea. Odysseus hawezi hata kumpapasa, maana Eumaeus, mchunga nguruwe anayefuatana naye, bado hajui anaongozana na nani. Anageuza uso, anafuta chozi, anauliza swali la juujuu kuhusu mbwa yule. Wakiingia ndani, Argos anakufa. Ni mistari michache tu. Jeshi la Troy halikumtoa Odysseus chozi la kuficha namna ile.

Wa pili ni Eurycleia, yaya aliyemlea, ambaye Laertes, baba yake Odysseus, alimnunua kwa thamani ya ng'ombe 20. Penelope anamwagiza amwoshe mgeni miguu. Bibi kizee anapitisha viganja kwenye mguu, anagusa kovu juu ya goti, anaujua mguu. Mguu unamponyoka, beseni la shaba linapinduka, maji yanamwagika sakafuni. Na hapo, wakati sote tumeshika pumzi, mtungaji anaacha habari ya beseni na kutupeleka mlima Parnassus miaka mingi nyuma, kutusimulia jinsi nguruwe mwitu alivyomjeruhi Odysseus kijana alipokwenda kumtembelea babu yake. Anasimulia kwa mistari zaidi ya 70 kisha anaturudisha kwenye maji yaliyomwagika. Mhakiki Mjerumani Erich Auerbach, alipokuwa uhamishoni Istanbul wakati wa Vita Kuu ya Pili, alianza kitabu chake Mimesis kwa kovu hili. Kilitoka mwaka 1946 na mpaka leo wanafunzi wa fasihi hawajamaliza kukibishania.

Mimi navutiwa na kinachofuata. Odysseus anamkaba koo yaya wake. Anamwambia mwanamke aliyemnyonyesha anyamaze la sivyo, siku ya kisasi, hatamwacha hai. Msisome hapo mkidhani ni mchezo. Kutambuliwa kabla ya wakati kungemwua. Uaminifu wa Argos ulikuwa wa kujua na kufa. Wa Eurycleia ni wa kujua na kufunga kinywa, na wa pili ni mgumu zaidi.

Sasa Penelope.

Sifa yake imeharibiwa na wanaomsifu. Kwa karne nyingi ametajwa kama mke aliyekaa akalia na kungoja, hata jina lake likawa fimbo ya kuwachapia wake wengine. Aliyesoma utenzi wenyewe anakutana na mtu mwingine kabisa. Aliwaambia waposaji kwamba ataolewa akimaliza kufuma sanda ya baba mkwe wake Laertes, maana itakuwa aibu mzee mwenye mali azikwe bila sanda. Nani angebisha? Mchana akafuma, usiku kwa mwanga wa mienge akafumua. Hila hiyo ilishika miaka 3. Mwaka wa nne mjakazi akaisema, wakamkamata akifumua. Kisa hiki kinasimuliwa mara tatu katika Odyssey, mara moja na mposaji mwenye hasira, mara moja na Penelope mwenyewe, na mara ya mwisho na mposaji aliyekwisha kufa, huko kuzimu. Mtungaji alitaka tukikumbuke.

Tazameni alivyofanya. Mumewe alishinda vita kwa kitu kilichotengenezwa kwa mti na uongo ndani yake. Yeye alizuia vita nyumbani kwake kwa kitu kilichofumwa kwa uzi na uongo ndani yake. Wanafanana kwa akili. Odysseus mwenyewe, alipomtakia heri Nausicaa, binti aliyekutana naye njiani, alisema hakuna jambo bora kuliko mume na mke kukaa nyumba moja kwa nia moja. Neno la Kigiriki alilotumia ni homophrosyne. Ukilifungua ni nia zinazolingana, fikra zinazokwenda sambamba. Upendo wa Odyssey umejengwa hapo kuliko kwenye uzuri wa uso.

Wataalamu wanabishana kama Penelope alimtambua yule mwombaji mapema. Wapo wanaosema alimjua tangu usiku wa maongezi yao kando ya moto, na kwamba ndiyo sababu, mara baada ya hapo, alitangaza shindano: atakayeupinda upinde wa Odysseus na kupitisha mshale katika mashoka 12 ndiye atakayemwoa. Ni kumpa mumewe silaha mkononi bila kusema neno. Wengine wanasema hakujua, alikuwa amechoka. Mimi sijiungi na upande wowote. Nadhani alishuku na akakataa kujiruhusu kuamini. Mtu aliyedanganywa na wasafiri wangapi sijui, kila mmoja akileta habari za Odysseus ili apewe chakula na joho, hujifunza kuogopa furaha.

Waposaji wanauawa. Eurycleia anapanda ngazi akicheka kumwamsha bibi yake, na Penelope anasema yaya ameingiwa na wazimu. Anashuka. Anaketi upande mmoja wa moto, mumewe upande wa pili, naye anamtazama kimya. Telemachus anamkaripia mama yake kwamba moyo wake ni mgumu kuliko jiwe. Penelope anajibu kwa upole kwamba kama huyu kweli ni Odysseus watatambuana vizuri zaidi, kwa kuwa wana alama wanazozijua wao wawili, zilizofichika kwa wengine. Odysseus anatabasamu. Ameanza kuelewa kwamba safari hii anayepimwa ni yeye.

Anaoga, anavaa, Athena anamrudishia sura. Penelope bado. Odysseus anakasirika kidogo, anaomba atandikiwe mahali pa kulala peke yake. Ndipo Penelope anamgeukia Eurycleia na kusema, kama mtu anayetaja jambo la kawaida la nyumbani, kwamba akitoe nje kile kitanda imara alichokitengeneza Odysseus mwenyewe, akitandike.

Odysseus analipuka. Nani amekihamisha kitanda chake? Hakuna binadamu awezaye kukihamisha! Na kwa hasira anaeleza kila kitu. Palikuwa na mzeituni umeota ndani ya ua, mnene kama nguzo. Aliuzungushia chumba cha mawe, akakiezeka, akatia milango. Kisha akakata matawi, akachonga shina tangu mzizini mpaka likawa mguu wa kitanda, akaendelea na kitanda kilichobaki kuanzia hapo, akakipamba kwa dhahabu, fedha na pembe za ndovu, akatandaza kamba za ngozi ya ng'ombe zilizotiwa rangi. Kitanda kimeota mizizi. Kama kimehama, basi mtu ameukata mzeituni.

Penelope magoti yanamlegea. Anakimbia, anamkumbatia, analia. Maelezo hayo hakuna ajuaye isipokuwa wao wawili na mjakazi mmoja. Mtu aliyewadanganya wote tangu Troy hadi Ithaca amenaswa kwa uongo wa sentensi moja, na aliyemnasa ni mkewe.

Hapo Homer anatumia tashibihi ambayo nikiisoma huwa narudi kuisoma tena. Anasema ilivyo tamu nchi kavu kwa waogeleaji ambao merikebu yao imevunjwa na mawimbi, wachache wakafika ufukweni miili ikiwa imeganda chumvi. Msikilizaji anadhani anazungumziwa Odysseus, maana ndiye aliyezama. Tashibihi inapofungwa tunaambiwa ndivyo alivyokuwa mtamu mume kwa Penelope. Mke ndiye aliyekuwa baharini. Miaka 20 amekaa nyumba moja, na mtungaji anakiri kwamba naye alikuwa akiogelea.

Lakini nisiwauzie asali tupu. Kabla ya usiku huo, katika kitabu cha 22, wajakazi 12 kati ya 50 wa nyumba ile, waliolala na waposaji, walilazimishwa kubeba maiti na kusugua damu mezani, kisha Telemachus akawanyonga kwa kamba moja. Homer anawafananisha na ndege walionaswa wavuni wakirejea kulala, na anasema miguu yao ilitapatapa kidogo, si kwa muda mrefu. Odysseus mwenyewe alilala kwa Circe, mungu wa kike mchawi, mwaka mzima, na kwa Calypso miaka 7, na hakuna aliyemtafutia kamba. Emily Wilson, ambaye tafsiri yake ya Kiingereza ya mwaka 2017 ilizungumzwa sana, alikataa kuwapa wajakazi hao majina ya matusi ambayo watafsiri kadhaa kabla yake waliwabandika. Naona alitenda haki. Mtumwa anadaiwaje uaminifu? Eumaeus, yule mchunga nguruwe mwema, alizaliwa mwana wa mfalme, akaibwa utotoni na wafanyabiashara wa Foinike na kuuzwa kwa Laertes. Utenzi unamsifu kwa kumpenda bwana wake. Nami nampenda Eumaeus, ila huwa najiuliza kama alikuwa na mwingine wa kumpenda.

Wagiriki wenyewe walijua kwamba uaminifu una deni. Mwaka 438 kabla ya Kristo, Euripides alionyesha mjini Athens tamthilia iitwayo Alcestis, ikapata nafasi ya pili nyuma ya Sophocles. Admetus, mfalme wa Pherae, amepewa na mungu Apollo fursa ya kukwepa kifo chake, mradi apatikane mtu wa kufa badala yake. Baba yake mzee anakataa, mama anakataa. Mkewe Alcestis anakubali. Akiwa anakata roho anaomba jambo moja, kwamba asiwaletee watoto mama wa kambo. Admetus anaapa, tena anapitiliza: atawaagiza mafundi wachonge sanamu yake, ailaze kitandani na kuikumbatia. Hapo kitanda kingine, safari hii cha kuchekesha na kutia baridi mgongoni.

Mazishini Admetus anamshutumu baba yake kwa kupenda uhai. Mzee anamjibu kwamba ikiwa wewe mwanangu unaupenda mwanga wa jua, ulidhani mimi siupendi? Sijaona jibu linalomvua mtu nguo kuliko hilo katika jukwaa la kale. Kisha Heracles, aliyefika ugenini bila kuambiwa ukweli wa msiba ule, anapigana mwereka na Kifo kaburini na kumrudisha Alcestis akiwa amefunikwa shela. Anamwomba Admetus ampokee "mwanamke huyu". Admetus anaona umbo linafanana na la mkewe, anaomba aondolewe mbele yake, analia. Mwishowe anamshika mkono huku amegeuza uso. Mbwa aliye mahututi alimtambua Odysseus kwa sauti. Mume huyu amemshika mkono mwanamke aliyekufa kwa ajili yake na hamjui. Shela linafunuliwa, watu wanafurahi, lakini Alcestis hasemi kitu, na Heracles anaeleza kwamba hawezi kusema naye mpaka siku ya tatu. Wapo wanaosema ni kwa sababu ya uchache wa waigizaji. Pengine. Mimi kila nikisoma nasubiri siku hiyo ya tatu, nisikie atamwambia nini.

Na kuna kutotambua kunakoua. Katika utenzi uitwao Telegony, ambao umepotea na tumebakiwa na muhtasari, Telegonus, mwana wa Odysseus aliyezaliwa na Circe, anafika Ithaca kumtafuta baba yake, anapigana na mtu asiyemjua, anamwua. Masimulizi ya kale yanasema mkuki wake ulikuwa na mwiba wa taa, samaki huyu huyu mnayemjua nyinyi wa pwani. Najua baadhi yenu mmekwisha mfikiria Fumo Liyongo na sindano ya shaba. Ni kisa kingine, nchi nyingine, na tofauti yake ni kubwa: mwana wa Liyongo alijua vizuri anamchoma nani.

Wahakiki wawili wakubwa wa Alexandria, Aristophanes wa Byzantium na Aristarchus, waliona Odyssey inaishia pale mume na mke wanapokifikia kitanda chao. Mistari iliyofuata hawakuihesabu kuwa mwisho wenyewe. Naelewa kwa nini. Lakini kabla hawajakifikia kuna mazungumzo mafupi. Odysseus anamwambia mkewe kwamba bado kuna kazi moja, aliyotabiriwa kuzimu na mwaguzi Tiresias. Penelope anasema, kama nitakuja kuijua baadaye, niambie sasa.

Basi anamwambia. Atalichukua kasia begani na kutembea bara, mji hadi mji, mpaka awafikie watu wasioijua bahari, wasiotia chumvi katika chakula, wasiowahi kuona merikebu. Siku atakapokutana na mpita njia amwulize mbona amebeba chombo cha kupepetea nafaka, hapo ndipo alichomeke kasia ardhini, amtolee Poseidon, mungu wa bahari, sadaka ya kondoo dume, fahali na nguruwe, kisha arudi nyumbani. Yaani atembee hadi mahali ambapo alichobeba hakitambuliki, wala yeye.

Penelope anamsikiliza hadi mwisho. Anasema, ikiwa miungu wamewaandalia uzee mwema, basi lipo tumaini la kuvuka na hilo. Huku wakizungumza, Eurycleia na mtumishi mwenzake Eurynome wanatandika kitanda kwa mwanga wa mienge, pale pale kilipokuwa siku zote.